Mafuta ya Nazi Kwenye Maji ya Mufindi

Shoga zangu, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, nikienda kisimani naulizwa, nikienda mashineni kusaga naulizwa. Juzi nimekwenda msibani, maiti haijatolewa ndani, mtu ananivuta ushungi: "Tatu, hivi ni kweli ulizama kwenye maji ya barafu umevaa suti?" Ndiyo, ni kweli. Sasa naandika mara moja, msomeane wenyewe, mniache nipumue. Mambo ya barua na fomu siyaandiki, maana sijawahi kuona mtu aliyecheka kwa sababu ya fomu.

Kwa wale wasiotujua: sisi ni wanawake kumi na tisa wa Mlingotini, tunalima mwani. Kamba zetu tulikuwa tunazifunga hapa karibu, maji ya magotini, lakini maji hayo siku hizi yamekuwa ya moto. Mwani unageuka mweupe, unalegea, unakatika. Mama yangu, Bi Mwajabu, ndiye aliyeanzisha kikundi, na msimu uliopita shamba lake lote lilikwenda na maji. Siku tuliyokuwa tunakunja kamba tupu akaniambia, bila hata kunitazama: "Msimu mmoja tu, Tatu. Ukinishinda na huu, naacha. Nitakaa barazani nitazame wapita njia."

Mama, kukaa barazani! Mwanamke ambaye hata akiumwa anaumwa huku anasuka mkeka. Mie nilijua akikaa tu, ndiyo atakuwa amekwisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Dawa tuliijua. Mwani upelekwe kina kirefu, maji ya huko ni baridi kidogo, kamba zielee juu na nanga zifungwe chini. Kufunga nanga chini ndiko kulikotushinda, maana kunataka mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Wanaume tuliowaomba walikuja siku waliyotaka wao, wakafunga walivyotaka wao, na wiki hiyohiyo kamba zikaondoka. Basi tukakubaliana mmoja wetu ajifunze. Mkanichagua mimi kwa sababu moja tu: nyinyi wote hamjui kuogelea.

Mwalimu tuliyempata ni Mwalimu Nassoro. Kwao ni Bagamoyo mjini, wale wenye duka la kanga, babu yake ndiye aliyewauzia bibi zetu kanga za harusi. Yeye duka aliliacha, akashika kazi ya kuzamia kwenye mabwawa, kusafisha milango ya maji. Alisema atanifundisha, ila nimfuate Mufindi, kwenye bwawa la mashamba ya chai, ambako alikuwa amebakiza kazi ya wiki moja. "Huko maji ni baridi, utajifunza na suti kavu," aliniambia kwenye simu. "Ukiyaweza yale, baharini utakuwa kama unatembea. Na ukifaulu, nitawaazima mitungi na vifaa msimu mzima."

"Na nisipofaulu, Mwalimu?"

"Vifaa sitoi. Sitaki kuja Mlingotini kukuzika."

MLINGOTINI HADI CHALINZE

Alfajiri ya safari Mama alinifungia chupa tatu za mafuta ya nazi, nazi alizikuna mwenyewe na mafuta akayapika mwenyewe. "Kila asubuhi, kabla hujagusa maji, jipake kuanzia utosini hadi unyayoni," alisema. "Baridi haipiti kwenye mafuta." Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Kipupwe kikifika, hakuna mtoto wa Mlingotini anayeshuka majini hajang'arishwa kama sahani. Niliziweka chupa zile katikati ya nguo kama mayai.

Suti yenyewe Mama alikuwa ameiona picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Inafunika mwili wote?"

"Wote."

"Na kichwa?"

"Na kichwa. Inabaki pua na macho, na yenyewe yanawekewa miwani."

"Ah! Hilo ndilo vazi la heshima," akasema. "Nenda, mwanangu."

Gari la Msata lilitoka Bagamoyo kwa wakati, nikafurahi mapema mno. Tulipofika Makurunge tukasimama. Dakika kumi, dakika ishirini. Mzee mmoja nyuma akauliza kulikoni, kondakta akajibu bila aibu, "Kuna abiria wetu amepiga simu, anamalizia kuoga." Gari zima, jamani, limekaa juani linamsubiri mtu ajimwagie maji! Watu wakafoka, mie nikafoka zaidi yao. Hatimaye akatoka mama mmoja mnene, ananukia sabuni, ameshika sinia la maandazi ya moto. Akapita kiti kwa kiti akigawa: "Samahani wanangu, samahani." Nani angeendelea kufoka na andazi mdomoni? Mpaka Msata tulikuwa tunamwita mama yetu.

Msata sikukaa, nilipata gari hadi Chalinze, na Chalinze nikapanda basi la kwenda Mafinga.

CHALINZE HADI KITONGA

Kiti cha pembeni yangu alikaa mwanamume wa makamo, mwembamba, amekumbatia gunia linalonuka mpira. Aliitwa Gaudensi, fundi viatu wa sokoni Mafinga. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kununua matairi ya ndani yaliyochakaa na makopo ya gundi, na kopo moja lilikuwa linavuja. Kila baada ya mwendo kidogo kondakta aliuliza ni nani anayetaka kutuua, na Fundi Gaudensi alitazama nje dirishani kama mtu anayehesabu miti.

Tulipita Morogoro, tukapita Mikumi, tukafika Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu viliingizwa ndani mpaka miguu ikakosa pa kukaa. Mlima Kitonga ndio uliotukomesha. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye kona, dereva wake mzima, alhamdulillahi, lakini barabara imeziba kabisa. Tulikaa pale kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi alasiri.

Watu wa basi wakikwama wanakuwa ndugu. Nilitoa mkate wangu wa kumimina, Fundi Gaudensi akatoa viazi vilivyochemshwa tangu jana, vya baridi, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Aliuonja mkate, akafumba macho. Mimi nilionja viazi, nikanyamaza kwa adabu. Nilipoinuka kwenda kunyoosha miguu, kandambili ikakatika. Hakuniuliza kitu. Alifungua gunia, akakata kipande cha tairi, akapaka gundi, akapuliza, akasubiri, akabana kwa magoti. Nimevaa kandambili ile mpaka leo.

"Unakwenda wapi, dada?" aliniuliza huku amebana.

"Mufindi. Kujifunza kuzamia."

Akaacha kubana. "Umetoka baharini?"

"Bagamoyo."

"Umetoka baharini, umepanda mlima huu wote, kuja kujifunza mambo ya majini kwetu?"

"Ndiyo."

Akageukia wenzake waliokaa kivulini. "Jamani! Na sisi tukitaka kujifunza kulima viazi tuje Bagamoyo!" Walicheka mpaka dereva wa lile lori naye akacheka, masikini, na mzigo wake umemwagika. Nilikasirika kama dakika mbili, halafu na mimi nikacheka, kwa sababu kweli kasema.

MAFINGA HADI BWAWANI

Mafinga nilishuka jioni, na hapo ndipo nilipokutana na baridi. Ile yetu ya kipupwe si baridi, ile ni salamu tu. Hii iliingia kwenye mikono ya gauni, ikashuka mgongoni, ikakaa. Gari la mashamba ya chai lilinipakia, na mpaka tunafika meno yalikuwa yanagongana peke yake.

Nililazwa kwa Mama Vumilia, mpishi wa kambi ya wafanyakazi, mjane mwenye sauti nzito na sweta tatu. Alinipokea kwa "Kamwene!" nami nikajibu "Shikamoo," akasema "Marahaba, lakini hapa sema kamwene," nikasema, na tukawa marafiki. Usiku huo nilikula ugali na majani ya maboga, nikalala na blanketi nne, na bado nikamkumbuka kila mtu aliyewahi kunikosea.

Asubuhi nilifungua begi nijipake mafuta ya Mama. Yallah! Chupa mbili zilizokuwamo zilikuwa nyeupe, zimeganda kama jiwe. Nilidhani nimebadilishiwa kwenye basi, nikamsingizia hata Fundi Gaudensi wa watu. Nikakimbilia jikoni niiweke chupa moja karibu na moto, nikamkuta Mama Vumilia ameshatangulia. Usiku alikuwa ameiona ile ya tatu niliyoisahau mezani, akajua mgeni amemletea zawadi ya mafuta mgando ya kupikia, na nusu yake ilikuwa inakaanga viazi.

"Mafuta yenu matamu!" alisema. "Mnatumia ya nini?"

"Ya kupaka mwilini," nikasema.

Alitazama kikaango, akanitazama mimi, akageuza viazi. "Basi leo tumbo litang'aa," akasema, na tukala.

Chupa mbili na nusu zilizobaki niliziyeyusha kila asubuhi pembeni ya jiko, nikajipaka kama nilivyoagizwa. Utosini hadi unyayoni.

NDANI YA SUTI

Suti kavu, kwa mnaouliza, ni nguo nzito ya mpira iliyoungana na soksi zake, na zipu yake iko mgongoni. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono ina kola ya mpira laini mwembamba inayobana ngozi, maji yasipite. Unavaa masweta yako ndani, unazama, unatoka, masweta makavu. Mwalimu Nassoro alikuwa nayo moja tu ya kunitosha, zilizobaki zilikuwa za wanaume wenye vifua kama milango. Alinipa kopo la poda ya watoto. "Kabla ya kuvaa, jipake shingoni na mikononi, kola iteleze isichanike." Nikajipaka poda juu ya mafuta. Niliona yeye ana dawa ya nguo, Mama ana dawa ya baridi, na hazigombani.

Bwawa lenyewe lilikuwa jeusi, kimya, chai pande zote, ukungu juu yake. Siku ya kwanza nilipoingiza uso, nilihisi paji la uso linapigwa nyundo. Nikatoka nikasema, "Mwalimu, haya maji yana kitu."

"Yana baridi," akasema. "Rudi."

Hewa ndiyo iliyonitia adabu. Suti ile ina kitufe kifuani, ukikibonyeza inaingia hewa kutoka mtungini, na kingine begani cha kuitoa. Mimi niliona hewa inanipa joto, nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikasahau cha begani. Hewa yote ikakimbilia miguuni. Nikageuka kichwa chini miguu juu, nikapanda hivyohivyo mpaka nyayo zikatokeza juu ya maji, zinacheza. Wachumaji wa chai kule juu walitua vikapu. Mama Vumilia aliniambia jioni kwamba mmoja wao alikwenda kumwita katekista.

Lakini kilichonitia hofu hasa si hicho. Mimi nilijifunza kuzama utotoni, kwa kuzuia pumzi. Unavuta, unafunga, unazama, unaokota chaza wako, unapanda. Mwili wangu haujui njia nyingine. Na kwa mtungi hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. "Ukizuia pumzi huku unapanda, hewa inavimba kifuani inakupasua mapafu," Mwalimu alisema. "Pumua, Tatu. Muda wote, pumua." Nilijua, nilielewa, nikashuka, na kila niliposhtuka kidogo tu nikafunga pumzi kama mtoto wa chaza. Mwalimu alikuwa amenifunga kamba kiunoni, mwisho mmoja ameushika yeye. Mvuto mmoja ni "uko salama?", nami nijibu mvuto mmoja, "niko salama." Siku ya tatu aliniambia: "Bado unazuia. Ukizuia siku ya mtihani, sitakupa vifaa, hata ukilia."

Usiku huo nikiwa chini ya blanketi zangu nne nilipata hila. Nikaamua kila pumzi ninayotoa nitaje jina la mmoja wenu. Huwezi kutaja jina huku umefunga pumzi. Mwanne, pumzi. Zaituni, pumzi. Asha mkubwa, Asha mdogo. Mpaka wa kumi na nane, Mwajabu. Siku ya nne nilishuka na majina yenu mdomoni, na kwa mara ya kwanza mapovu yangu yalipanda bila kukatika. Mlikuwa nami chini kule, mjue.

Shida ikawa moja tu: nilitoka nimelowa kifuani. Siku ya pili nilikuwa nimelowa kidogo, Mwalimu akasema ni jasho. Siku ya tatu zaidi, akasema sikuvuta kola vizuri. Siku ya nne, nilipokuwa navua, kola ya shingo ikanyumbuka kama unga wa maandazi, ikafanya "pwata," ikachanika hadi begani.

Mwalimu aliiokota. Akaibonyeza, ikamganda vidoleni. Akaisogeza puani, akanusa. Akanusa tena.

"Tatu," akasema polepole, "kwa nini suti yangu inanukia wali wa nazi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Mama, za chupa tatu, za utosini hadi unyayoni. Akakaa juu ya mtungi, akashika kichwa. Mafuta, kumbe, yanakula mpira ule. Siku nne nzima nilikuwa naipika kola taratibu. "Mimi ni mtoto wa Bagamoyo," alisema. "Bibi yangu alinipaka mafuta hayohayo. Nilipaswa kukuuliza. Lakini kola nyingine iko mbali, na kazi hapa inaisha baada ya siku tatu. Maji haya siwezi kukushusha umelowa. Nenda nyumbani, mwakani tutaona."

Mwakani! Mwakani Mama yuko barazani. Nikakimbilia jikoni nikilia.

KURUDI MAFINGA

Mama Vumilia ndiye aliyenifuta machozi kule jikoni. "Kwani hiyo kola ni ya nini?" aliuliza. Nikamwambia, ya mpira, inabana, haipitishi maji. Akasema, "Kama ya buti la mvua?" Na hapo, shoga zangu, nikaitazama kandambili yangu.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Stoo kwake kulikuwa na suti fupi ya zamani ya baharini, ya ule mpira mnene wenye povu ndani, imechanika makalioni, haina kazi. Nikaiomba. Nikamwomba na suti kavu yenyewe. "Unaipeleka wapi?" "Kwa fundi viatu." Akaivuta ile suti fupi kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Mpira ule mnene hata mafuta hauyaogopi sana. Chukua." Nadhani alikuwa amekwisha kata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hana cha kukataza.

Fundi Gaudensi nilimkuta sokoni, kiatu cha mwanafunzi magotini. Akaniona, akapiga kelele, "Mwanafunzi wa viazi!" Nilimwekea suti mezani. Akaipapasa mishono, akaigeuza ndani nje, na sura yake ikabadilika. Hakutania tena. Alinipima shingo kwa uzi, mara tatu, akaniambia nimeze mate, akapima tena. Akakata paja la ile suti fupi, akalifanya bomba jembamba juu na pana chini. Akapaka gundi, akapuliza, akasubiri, akapaka tena, akashona kwa sindano iliyopinda, bila kutoboa hadi upande wa pili.

"Ikae mpaka kesho," akasema.

"Siku zimeniishia, fundi."

"Gundi haijui siku zako, dada. Ukiiharakisha itakuachia majini."

Nililala kwa dada yake. Kesho yake alipofika wakati wa kujaribu, soko zima lilikuja. Alichukua boga lenye shingo ndefu, akalivalisha kola, akalibana ndani ya suti, akaliingiza lote kwenye pipa la maji. Watu wakahesabu kwa sauti. Alipolitoa, akaingiza mkono ndani ya suti, akatoa kiganja juu tuone. Kikavu. Mama mmoja muuza mchicha alipiga vigelegele. Nilimkumbatia Fundi Gaudensi mbele ya watu, Mungu anisamehe, furaha haikuniuliza.

MTIHANI

Asubuhi ya siku ya mwisho sikujipaka mafuta. Nilijiona uchi, wallahi, ngozi imepauka kama ya mamba. Mwalimu alikagua kola pande zote, akavuta, akaguna. "Huyu mtu angekuwa mzamiaji," akasema.

Tulishuka pamoja hadi chini, tukapiga magoti kwenye tope, taa zetu zinaona kiasi cha mkono. Akanipa ishara: vua miwani. Nikavua. Baridi ikaniingia machoni na puani, kila kitu kikawa giza, na mwili wangu wote ukasema: funga pumzi, panda, kimbia! Nilifunga. Nakiri. Nilifunga, nikasikia kimya kile cha chaza cha utotoni, kitamu, kinachoua. Halafu kamba ikavutwa mara moja kiunoni. Uko salama?

Mwanne, nikasema ndani ya kipumulio, na povu likatoka. Zaituni. Asha mkubwa. Nikavuta kamba: niko salama. Nikavaa miwani, nikapuliza kwa pua maji yakatoka ndani yake, nikafumbua macho, nikamwona Mwalimu usoni kwangu kabisa, mkono wake uko begani kwangu tayari kunipandisha. Akauondoa. Tukapanda taratibu, majina kumi na nane, mara mbili.

Juu alinivua kola, akatazama sweta. Kulikuwa na unyevu kiasi cha kijiko cha chai. Akasema, "Mlingotini kina chenu ni pima ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi nitakuja na mitungi sita," akasema. Nililia hapo hapo, kelele, bila ushungi wala adabu.

NYUMBANI

Safari ya kurudi sina la kusema, nililala njia nzima. Mama alikuwa anasubiri kituoni Bagamoyo. Swali lake la kwanza: "Mafuta yalikusaidia?"

"Yalisaidia kukaanga viazi, Mama."

Nilipomsimulia yote, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kidogo nikuharibie." Nikamwambia, "Kidogo." Sisi hatudanganyani.

Siku ya nanga mlikuwepo wengi, lakini chini nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nawaambia ya chini. Mwalimu alikuja na mitungi kama alivyoahidi. Maji yetu hayataki suti kavu, nilivaa suruali na fulana. Kabla sijashuka, Mama akatoa chupa mfukoni mwa gauni. Akanitazama kama mtoto aliyewahi kuvunja sahani. "Hapa inaruhusiwa?"

"Hapa paka, Mama."

Akanipaka, utosini hadi unyayoni, mbele yenu wote. Na Mama, ambaye hajawahi kupanda chombo chochote maishani mwake, aliyeogopa maji yanayopita kiuno, akakataa kumwachia mtu mwingine ile kamba. Akakaa katikati ya mashua ameishika kwa mikono miwili.

Chini kulikuwa na mwanga, mchanga, samaki wadogo wananitazama. Nilianza na nanga ya kamba yake. Kila nilipoanza kufunga fundo, mvuto: uko salama? Najibu. Nashika fundo. Mvuto tena: uko salama? Fundo moja, mivuto kumi na miwili! Mwanne, Zaituni, nafunga, najibu, nafunga. Lilipokaza nililivuta kwa uzito wangu wote, miguu mchangani. Halikutikisika. Nikasema jina la kumi na nane, nikapanda.

Nilipotoa kichwa Mama alikuwa amelowa machozi na jasho, viganja vimemchubuka kwa kamba.

"Umekaza?" akauliza.

"Nimekaza, Mama. Haing'oki."

Akatazama ile kamba yake inayoelea, ndefu, tupu, juu ya maji ya bluu. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akapapasa chini ya miguu yake mpaka akaipata nanga nyingine.

"Basi usipoteze mtungi," akasema. "Funga na ya pili."